Kosa linalojirudia

Mzazi anayeniletea mwanawe kwa mara ya kwanza huwa na maswali mawili: mimi nimesoma hadi wapi, na mtoto nitamfundisha kwa njia gani. La kwanza hulijibu kwa pumzi moja. Nina shahada ya kwanza ya sayansi, kemia ikiwa somo kuu na fizikia ikiandamana nayo, kisha shahada ya uzamili katika kemia, ambako nilishughulika na kasi ya mimenyuko ya kikemikali. La pili lilinichukua miaka mingi kulipatia jibu ninaloliamini, na nilipolipata niligundua kwamba lilikuwa limejificha ndani ya lile la kwanza, si katika yale niliyofaulu chuoni bali katika miezi niliyoipoteza maabara.

Kazi yangu ya uzamili ilinitaka nipime muda ambao mmenyuko mmoja huchukua kukamilika katika halijoto mbalimbali. Mimenyuko mingi huongeza kasi kwa takribani mara mbili kila halijoto inapopanda kwa nyuzi 10, kwa hiyo kosa dogo katika kusoma halijoto huacha alama katika majibu. Majibu yangu hayakulingana na yale yaliyokwisha kuchapishwa. Nilirudia vipimo mara tatu, mara tano, mara kumi, nikachukua wastani, na kadiri nilivyorudia ndivyo namba zangu zilivyozidi kukubaliana zenyewe kwa zenyewe na kuzidi kukataana na za watu wengine. Nilikuona kukubaliana huko kuwa ni ushahidi wa umakini wangu. Msimamizi wangu alipozitazama hakugusa hesabu hata moja. Aliniuliza tu kama nimewahi kuichovya ile themomita katika barafu inayoyeyuka. Sikuwa nimefanya hivyo. Tulipoichovya, ilitulia kwenye nyuzi moja na nusu, mahali ambapo ilipaswa kusoma sifuri.

Kila mwanafunzi wa sayansi hufundishwa mapema kwamba makosa ya upimaji ni ya aina mbili. Yapo makosa ya nasibu, yanayoyumba huku na huku, mara juu mara chini, nayo hupungua kipimo kinaporudiwa na wastani kuchukuliwa. Yapo pia makosa ya mfumo, yanayoelemea upande mmoja siku zote, na haya hayaondolewi na marudio hata yakifika elfu moja, kwa sababu kila rudio hulibeba kosa lile lile. Huondolewa na mtu anayeacha kupima na kwenda kukikagua chombo. Swali la tofauti ya aina hizo mbili nilikuwa nimelijibu katika mitihani kadhaa na kupata alama zote. Hata hivyo nilihitaji kupoteza karibu muhula mzima ili nielewe lilikuwa linasema nini.

Baada ya chuo nilianza kusomesha wanafunzi mmoja mmoja, na ungetarajia kwamba mtu aliyeumwa na nyoka huyo angemtambua akimwona tena. Sikumtambua. Mmoja wa wanafunzi wangu wa mwanzo alikuwa kijana mpole aliyekuwa akikosa maswali ya densiti. Nilimweleza densiti ni nini, yaani tungamo la kitu kwa kila kipimo cha ujazo wake, naye akanirudishia maelezo hayo kwa maneno yake mwenyewe, tena kwa ufasaha. Nikamweleza kwa nini chuma huzama na ubao huelea, akaelewa. Nikampa maswali kumi, akapata sita. Nikampa mengine kumi, akapata sita tena. Nilifanya kile ambacho wengi wetu hufanya, nikamwongezea mazoezi, na tuliendelea hivyo kwa wiki sita, huku mama yake akilipa na mimi nikipokea, jambo ambalo hadi leo linanikera nikilikumbuka.

Siku moja niliacha kuyatazama majibu yake nikautazama mkono wake. Swali lilihusu kipande cha chuma chenye tungamo la gramu 3.9 na ujazo wa sentimita za ujazo 0.5. Alibonyeza kikokotoo, 3.9 gawanya kwa 0.5, kikamwonyesha 7.8. Akakunja uso. Akafuta, akabonyeza upya, 3.9 mara 0.5, akapata 1.95, na hiyo ndiyo aliyoiandika, kwa mwandiko safi na vipimo vyake pembeni. Nilimwuliza kwa nini ameliacha lile jibu la kwanza.

"Mwalimu, ukigawanya kitu hakiwezi kuwa kikubwa kuliko kilivyokuwa," alisema, kwa sauti ya mtu anayemkumbusha mwenzake jambo la wazi.

Nilirudi nyuma katika daftari lake, ukurasa baada ya ukurasa. Maswali yote aliyoyapata yalikuwa na ujazo unaozidi moja, na yote aliyoyakosa yalikuwa na ujazo usiofika moja. Kanuni yake ilikuwa ya kweli kwa kila namba aliyoigawanya tangu akiwa mdogo, hadi siku alipoanza kugawanya kwa desimali, na siku hiyo hakuna aliyemwambia kwamba kanuni imefika mpaka wake. Hakuwa na tatizo la fizikia hata kidogo. Alikuwa na themomita inayosoma nyuzi moja na nusu zaidi, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni nikimhimiza arudie vipimo. Tulilimaliza jambo hilo kwa nusu saa. Nilimwuliza lita tatu za maji zinajaza chupa ngapi za nusu lita. Akasema sita papo hapo, kisha akanyamaza, kwa sababu alikuwa amegawanya tatu na kupata sita, na aliliona hilo kabla sijalisema.

Ningepaswa kuwa mwepesi zaidi, maana mimi mwenyewe niliwahi kukwama hivyo hivyo. Nilipokuwa sekondari sikuielewa moli, kipimo ambacho kemia nzima hukitumia. Kwa kaboni moli ilikuwa gramu 12, kwa maji gramu 18, kwa chumvi ya kawaida gramu 58.5, nami sikuona ni uzito gani huu usiotulia mahali pamoja. Nilikariri namna ya kukokotoa na nikawa napata alama za kutosha, lakini swali lilipogeuzwa kidogo tu nilipotea. Aliyenitoa humo hakuwa mwalimu wangu bali fundi wa maabara, mtu mzima aliyekuwa akiosha vyombo baada ya sisi kuondoka. Kabla ya kunieleza chochote aliniuliza, "Wewe, kwa akili yako, moli ni kitu gani?" Nikamjibu kwamba ni aina ya uzito. Aliitikia kwa kichwa kana kwamba nimempa kitu alichokuwa akikitafuta. Akamimina mililita 18 za maji katika silinda ya kupimia, akapima gramu 56 za unga wa chuma katika bika, akaviweka mbele yangu. Maji yalikuwa kama funda moja tu. Chuma kilikuwa kizito mkononi.

"Ukiwa na dazeni ya vifungo na dazeni ya matofali," aliniuliza, "uzito ni mmoja?" Nikasema hapana. "Basi ni nini kilicho kimoja?"

Ilikuwa idadi. Moli ni idadi, kama dazeni, isipokuwa ni idadi kubwa mno, takribani 6.022 × 10²³, kwa sababu tunachokihesabu ni kidogo mno. Mwaka 2019 fasili ya kimataifa ya moli ilibadilishwa, ikaacha kutegemea gramu 12 za kaboni na kuwa idadi yenyewe, 6.02214076 × 10²³ kamili, na niliposoma habari hizo sikuweza kujizuia kumkumbuka yule fundi na vifungo vyake. Lakini ninachomheshimia zaidi si mfano wa matofali, ambao walimu wengi wanao. Ni kwamba aliuliza kwanza. Angenipa mfano huo bila kujua kwamba moyoni mwangu moli ni uzito, ningeusikiliza, ningecheka, na ningebaki pale pale.

Elimu ya chuo, kwa manufaa yake yote, ilinifanya nisahau hatua hiyo. Mtu akikaa na somo kwa miaka mingi, njia aliyoipitia hufutika nyuma yake. Huona mlinganyo na jibu kwa pamoja, na kile kinachomkwaza mwanafunzi hakionekani tena kama kikwazo, huonekana kama uzembe. Nimewasikia watu wenye ujuzi mkubwa kuliko wangu wakisema "hii ni rahisi" mbele ya mtoto aliyekwama, na naamini hakuna maneno matatu yanayomfunga mtoto mdomo haraka zaidi. Shahada zangu hunisaidia pale mwanafunzi anapouliza swali ambalo kitabu chake hakilifikii, na hunizuia nisimpe jibu la uongo kwa sababu tu ni jepesi. Katika kujua anakwamia wapi, hazinisaidii sana. Hapo nategemea masikio.

Kwa hiyo siku ya kwanza sifundishi. Nampa mwanafunzi maswali machache yasiyohitaji hesabu, kalamu isiyofutika, na maelekezo kwamba asiandike jibu bila kuandika kwa nini. Wengi hawapendi. Wamezoea kupimwa kwa majibu, na sababu huziona kama kitu cha faragha. Mimi nina daftari la kila mwanafunzi, na ndani yake siandiki alama. Naandika alichosema, neno kwa neno kadiri ninavyoweza, kwa kuwa nikikitafsiri kwa lugha yangu ya kitaalamu nakiharibu. Kosa lililotokea mara moja naliacha lipite. Kosa linalotokea mara ya tatu kwa sura ile ile nalipigia mstari, kisha naanza kujiuliza ni kanuni gani, ambayo kwake ni ya kweli, inayolizaa.

Kuna swali moja ambalo nimeliuliza mara nyingi kuliko yote: mpira umerushwa juu wima, na pale kileleni, kabla haujaanza kushuka, mchapuko wake, yaani kiasi ambacho mwendo wake unabadilika kila sekunde, ni kiasi gani? Jibu ni mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde, kuelekea chini, sawa na sehemu nyingine yoyote ya safari hiyo tukiuacha ukinzani wa hewa. Karibu kila mwanafunzi mpya husema sifuri. Mwaka mmoja nilikuwa na wanafunzi wawili walioandika sifuri katika wiki moja, na kwa mwalimu anayesahihisha kwa alama ya kosa wawili hao ni kitu kimoja. Katika daftari langu hawakuwa kitu kimoja. Wa kwanza aliandika: "Kwa sababu mpira umesimama." Wa pili aliandika: "Kwa sababu nguvu ya mkono na nguvu ya uvutano zimelingana."

Wa kwanza alikuwa anachanganya mwendokasi na mabadiliko ya mwendokasi. Kwake tuliandika mwendo wa mpira kila sekunde, tukichukua 10 badala ya 9.8 ili hesabu iwe nyepesi: 20, 10, 0, kisha 10 na 20 kuelekea chini, ambazo tuliziwekea alama ya kutoa. Nikamwuliza kila hatua mwendo umebadilika kwa kiasi gani. Kumi, kumi, kumi, kumi. Sifuri ilikuwa kituo kimoja tu njiani, na mabadiliko hayakusimama hapo.

Wa pili jedwali hilo lisingemgusa. Angekubali kila namba na kuondoka na imani yake mfukoni, kwa sababu shida yake ilikuwa kwamba mkono, baada ya kuuachia mpira, uliendelea kuusukuma kutoka ndani. Wazo hilo si la kuchekwa. Jean Buridan, mwanazuoni wa Paris wa karne ya 14, alifundisha kitu cha namna hiyo, kwamba kinachorushwa hupewa msukumo unaokaa ndani yake, na lilikuwa wazo bora kuliko mengi yaliyolitangulia. Nilimwomba achore mpira ukiwa hewani, aweke mshale kwa kila kani, yaani kila nguvu inayousukuma au kuuvuta, na pembeni ya kila mshale aandike jina la kitu kinachoitoa. Mshale wa chini aliuandikia "dunia". Wa juu aliuandikia "mkono". Kisha akautazama mkono wake mwenyewe, uliokuwa umelala mezani, akautazama mchoro, na taratibu akaukata ule mshale wa juu kwa mstari mmoja.

Wazazi huniambia wamesoma kwamba mtoto mmoja na mwalimu mmoja ndiyo njia bora kuliko zote, na wakati mwingine hutaja utafiti wa mtaalamu wa elimu Benjamin Bloom wa mwaka 1984, uliosema kwamba mwanafunzi wa kawaida aliyefundishwa peke yake aliwapita wenzake wa darasa la kawaida kwa tofauti sanifu mbili, ambalo kwa lugha ya takwimu ni pengo kubwa mno. Tafiti za baadaye zimepata faida ndogo kuliko hiyo, ingawa bado ni faida ya kuthaminiwa. Ninachowakumbusha ni kwamba wanafunzi wale wa Bloom walikuwa pia wakipimwa mara kwa mara na makosa yao kurekebishwa kabla ya kuendelea mbele. Kijana wangu wa densiti alikuwa peke yake nami kwa wiki sita, ana kwa ana, na hakusogea hatua. Wengine huniambia mwanao ni wa kujifunza kwa kuona, au kwa kusikia, na kwamba nimfundishe hivyo. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake waliupitia ushahidi wa madai hayo na hawakukuta wa kutosha. Siwabishii sana wazazi. Nawaambia tu kwamba saketi ya umeme lazima ichorwe kwa kila mtu, na kwamba ninachokibadilisha kati ya mtoto na mtoto ni mahali pa kuanzia.

Wapo wanafunzi ambao shida yao kubwa ni aibu. Kwao kosa ni doa, na mtu anayeficha doa hakuonyeshi nguo. Hao huwaeleza kisa cha mwanakemia wa zamani Jan Baptist van Helmont, ambacho kilichapishwa mwaka 1648, baada ya kufa kwake. Alipanda mche katika chungu cha udongo alioupima, akaumwagilia maji kwa miaka mitano, na mwishoni mti ulikuwa umeongezeka karibu kilo 74 ilhali udongo ulikuwa umepungua gramu zisizozidi 60. Aliamua kwamba mti wote umetokana na maji. Vipimo vyake vilikuwa vya uangalifu, na hitimisho lilikuwa na kasoro, kwa kuwa sehemu kubwa ya mti, ukiondoa maji yaliyomo, hutokana na kaboni dioksidi ambayo majani huichukua hewani. Naye, kwa kejeli ya historia, ndiye aliyelibuni neno gesi. Kisha namwuliza mwanafunzi: yeye hakukihesabu kitu gani? Akishaanza kulitafuta kosa la mtu mwenye heshima kama huyo, mara nyingi hulegea, na la kwake hulileta mwenyewe.

Nilidhani kwa muda mrefu kwamba njia hii imekamilika, mpaka binti mmoja wa kidato cha tatu aliponisomea themomita yangu. Alikuwa mwanafunzi mzuri, mwenye kurasa chache sana katika daftari langu. Siku hiyo alijibu swali, nikamwuliza kwa nini, naye akabadilisha jibu papo hapo bila kunipa sababu yoyote. Nikamwuliza mbona amebadilisha.

"Mwalimu, ukiuliza kwa nini huwa najua nimekosea."

Nilifungua madaftari ya wanafunzi wote jioni ile, na alikuwa amesema kweli. Sababu zilizoandikwa mle zilikuwa za majibu mabaya pekee. Jibu likiwa sahihi nilikuwa nikisema "vizuri" na kusonga mbele, kwa hiyo swali langu nililolithamini kuliko yote lilikuwa limegeuka kengele ya hatari, na kurasa chache za binti yule zilikuwa chache kwa sababu nilimwuliza mara chache.

Wiki iliyofuata nilianza kuuliza kwa nini hata pale jibu lilipokuwa sahihi, na nilianza na yeye. Tulikuwa na maji yanayochemka juu ya jiko la maabara, themomita ndani, imetulia kwenye nyuzi 100. Nilimwuliza, nikiongeza moto, halijoto ya maji itapanda? Alisema haitapanda, nalo ni jibu sahihi kabisa. Nikamwuliza kwa nini. Alinitazama kwa wasiwasi, nikamwambia hajakosea, aseme tu.

"Kwa sababu themomita imefika mwisho."

Nilizima jiko, nikaitoa themomita kwa uangalifu, nikaisubiri ipoe, nikampa aishike mwenyewe. Aliigeuza kwenye mwanga akisoma namba moja baada ya nyingine kuelekea juu: 90, 100, 110. Kidole chake kilibaki hapo kwenye 110 kwa muda. Kisha alilitazama jiko, akayatazama maji, ambayo mvuke wake ulikuwa bado unapanda.

"Sasa moto wote ule," aliuliza, "ulikuwa unakwenda wapi?"

Nikaliwasha jiko tena.